Tahadhari Kabla ya Likizo: Watoto Wanaacha Kucheza

Tahadhari hii haiwezi kusubiri Januari. Shule zikifungwa mwanzoni mwa Desemba, watoto wengi wa Dar es Salaam, Mwanza, Arusha na Dodoma wataingia kwenye majuma ya kukaa ndani: geti lina kufuli, runinga imewashwa tangu chai ya asubuhi, simu inazunguka kutoka mkono huu hadi ule mpaka chaji ikatike. Wazazi watakuwa kazini au sokoni. Wakirudi jioni watakuta watoto wazima, hakuna goti lililochubuka, hakuna jirani aliyeleta mashtaka, nao watamshukuru Mungu kwa siku iliyopita salama. Na kweli hakuna kitakachoonekana siku hiyo. Madhara ninayoyazungumzia hayana homa wala damu. Huja kuonekana mtoto akishafika darasa la kwanza, mwalimu anapouliza kwa nini haongei na wenzake, au kwa nini analia kila anaposhindwa.

Ninachoonya ni hiki: mchezo ambao watoto huupanga wenyewe, bila mwalimu, bila kocha, bila mtu mzima wa kupiga filimbi, unakatika mijini kwetu. Haujakatika kila mahali. Ukienda Kahama, Makambako au Tunduma saa kumi na moja jioni bado utakuta vumbi limetimka na kelele haziishi. Lakini vitu vilivyoumaliza katika mitaa mingi ya Dar es Salaam vipo njiani kwenda huko: simu janja za bei ndogo, shule zinazomchukua mtoto alfajiri na kumrudisha magharibi, na wapimaji wa viwanja wasiobakiza mahali pa kukimbilia. Mji ambao bado una watoto uwanjani una nafasi ya kujinusuru, na nafasi hiyo haidumu.

Sitaki mtu adhani nalilia ujana. Michezo ya zamani ilikuwa na ubaya wake. Mdogo alionewa. Msichana aliitwa kwenda kuchota maji mchezo ukiwa umenoga, kaka yake akabaki. Mwenye mpira ndiye aliyekuwa nahodha, mwamuzi na mfungaji bora, na akiudhika anaondoka nao. Waliokanyaga misumari ya kutu walipelekwa zahanati kuchomwa sindano ya pepopunda. Hakuna haja ya kurudisha hayo. Kilichokuwa ndani yake, hata hivyo, hatujapata cha kukiziba.

Chukua kombolela. Mtoto mmoja anafumba macho ukutani na kuhesabu, wenzake wanatawanyika: nyuma ya choo cha nje, juu ya mwembe, chini ya mkokoteni wa muuza maji. Kopo limewekwa katikati ya uwanja. Mtafutaji akimwona mtu anamtaja kwa jina na kuliwahi kopo, na aliyetajwa anakwenda kukaa mateka. Sasa mtafutaji ana kazi mbili zinazogombana. Akienda mbali kutafuta, kopo linabaki peke yake. Akililinda kopo, hampati mtu. Aliyebaki mafichoni naye ana lake la kuamua: ajikalie salama, au atoke mbio mbele ya wote, alipige kopo teke na kuwakomboa wenzake kwa mpigo mmoja. Kila mtaa una sheria zake, na mtoto akihamia mtaa mwingine hujifunza upya. Wajanja hubadilishana mashati mafichoni ili mtafutaji akiona bega tu ataje jina lisilo lake. Hapo unazuka ugomvi mkubwa: je, aliyetajwa kwa jina la mwingine amekamatwa au hajakamatwa?

Ugomvi huo ndio ninaoutaka msomaji autazame. Hakuna mtu mzima wa kuuamua. Ukirefuka sana jua linazama na mchezo umekwisha, kwa hiyo kila mmoja ana sababu ya kutaka uishe. Mwenye sauti kubwa anajaribu ubabe, wenzake wanamtishia kwamba hawachezi naye kesho. Mwingine anakumbusha juzi iliamuliwaje. Anayeshindwa hoja ananuna kidogo, kisha anarudi, kwa kuwa kununa kunamkosesha uhondo. Katika dakika tano watoto wa miaka minane wamefanya kesi, wametoa hukumu na wameitekeleza. Aliyeshiriki kesi kama hizo jioni baada ya jioni kwa miaka sita anaingia ukubwani akiwa na kitu ambacho semina haziwezi kumpa.

Mwanasaikolojia wa Uswisi, Jean Piaget, aliliona jambo hili mapema. Mwaka 1932 alichapisha kitabu kuhusu hukumu ya kimaadili ya mtoto, na sehemu kubwa ya ushahidi wake ilikuwa gololi. Alikaa chini na wavulana wa Geneva na Neuchâtel, akawaomba wamfundishe kucheza, akawauliza sheria zimetoka wapi na kama zinaweza kubadilishwa. Wadogo walicheza kila mtu na lake, na mwisho wote walidai wameshinda. Wa miaka saba au minane walitaka ushindi wa kweli lakini kila mmoja alikuwa na sheria zake kichwani. Wa miaka kumi na moja au kumi na miwili walijua kwamba sheria ni mapatano, kwamba inaweza kubadilika wote wakikubali, na kwamba ikishakubaliwa inamfunga hata aliyeitunga. (Wapo watu wazima wenye vyeo ambao hawajafika hapo.) Piaget aliona kwamba heshima ya namna hiyo kwa sheria hutoka kwa wenzao wa rika zaidi kuliko kwa wazazi.

Ukiacha kesi, kuna mwili. Msichana wa rede yuko katikati anajaza mchanga kwenye chupa huku wenzake wawili wanamlenga na mpira wa soksi kutoka pande mbili. Anainama, anachota, anakwepa, anageuka, anahesabu. Kule Unguja wana nage, Nairobi wana kati, na hakuna mwalimu wa viungo aliyewahi kubuni zoezi lenye shughuli nyingi hivyo kwa wakati mmoja. Mdako unampa mtoto wa darasa la kwanza hesabu za kutoa na kujumlisha kwenye vidole vyake mwenyewe: unarusha kete juu, unatoa mawe shimoni, unarudisha yote ila moja kabla kete haijashuka. Anayetengeneza tiara kwa njiti za ufagio, nailoni na uzi hufundishwa na upepo. Mkia ukiwa mfupi tiara inazama kichwa chini, anaongeza kitambaa, anajaribu tena. Na katika michezo hiyo yote wakubwa na wadogo walichanganyika. Mdogo aliruhusiwa kukimbia na wenzake hata kama hahesabiwi, akajifunza kwa kutazama, na mwaka uliofuata akahesabiwa.

Sasa tuangalie kilichoingia mahali pake. Naanza na wachanga, maana kwao muda unakimbia zaidi.

Mtoto wa miezi minane analia, mama anapika, simu inawekwa mbele yake, kilio kinakatika papo hapo. Hakuna mzazi asiyeuelewa mvuto wa kimya hicho. Wengi wanaongeza sababu nzuri: katuni ni za Kiingereza, mtoto atajifunza. Mwaka 2003, Patricia Kuhl na wenzake wa Chuo Kikuu cha Washington, Seattle, walichapisha utafiti uliopima jambo hilo hasa. Watoto wa Kimarekani wa takriban miezi tisa, ambao nyumbani walisikia Kiingereza tu, walikutanishwa na wasemaji wa Kichina cha Mandarin kwa vipindi 12. Walisomewa vitabu na kuchezeshwa vidoli. Mwishoni waliweza kutofautisha sauti za Kichina. Kundi lingine lilioneshwa wasemaji walewale kwenye runinga, kwa vitabu vilevile na muda uleule. Hawakupata kitu. Mtoto mchanga hujifunza lugha kwa mtu anayemtazama, anayengoja ajibu kwa sauti yake isiyo na maneno, anayecheka naye. Kioo hakimngoji.

Ndiyo maana siku hizi utamkuta mtoto wa miaka mitatu anayetamka herufi za Kiingereza kwa lafudhi ya katuni, wageni wanampigia makofi, lakini akitaka maji anavuta sketi ya mama na kuonesha kidole. Wazazi wanasema atazungumza tu, hata baba yake alichelewa. Huenda. Lakini mtoto wa umri huo asiyeunganisha maneno mawili apelekwe hospitali apimwe masikio na usemi, na simu iondoke mbele yake siku hiyohiyo, bila kungoja majibu.

Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2019 kwa watoto wa chini ya miaka mitano, nao hauna fumbo. Chini ya mwaka mmoja, asitazame kioo kabisa. Mwenye mwaka mmoja, vivyo hivyo. Kuanzia miaka miwili hadi minne, isizidi saa moja kwa siku, na ikipungua ni bora zaidi. Mchanga asiyetambaa alazwe kifudifudi akiwa macho, angalau dakika 30 kwa siku kwa vipindi, achezeshwe sakafuni. Mwenye umri wa mwaka mmoja hadi minne anahitaji angalau dakika 180 za kujongea kila siku, na akishafika miaka mitatu, dakika 60 kati ya hizo ziwe za kukimbia na kuruka hadi aheme juujuu. Chukua saa hizo tatu uziweke kwenye nyumba ya vyumba viwili yenye makochi makubwa, kabati la vyombo na geti lililofungwa. Haziingii.

Macho nayo yana deni lake. Katika jiji la Guangzhou, China, watafiti waligawa shule 12 za msingi katika makundi mawili. Shule sita ziliongeza dakika 40 za watoto kuwa nje kila siku ya masomo, sita ziliendelea kama kawaida. Baada ya miaka mitatu, katika shule za kawaida asilimia 39.5 ya watoto walikuwa wamepata tatizo la kutoona mbali. Katika shule zilizotoka nje, asilimia 30.4. Matokeo yalichapishwa mwaka 2015. Hakukuwa na dawa wala kifaa, ilikuwa mwanga wa mchana tu. Macho ya watoto wetu hayajafika walipofika wa miji ya Asia ya Mashariki, na jua tunalo la kumwaga, kwa hiyo kuwafungia ndani hadi nasi tufike huko kutakuwa uzembe usio na jina.

Shule zina sehemu yao, na hapa wazazi na wenye shule wanasukumana. Basi dogo linapiga honi saa kumi na moja alfajiri. Mtoto wa darasa la pili analala kichwa kikigonga dirisha, anafika, anasoma, anabaki kwenye masomo ya ziada, anarudi giza linaingia, anakula, anafungua daftari la kazi za nyumbani. Jumamosi ana vipindi tena. Mtaala wetu wa elimu ya awali unataka watoto wajifunze kwa michezo. Lakini mzazi anayelipa ada anataka kuona mwanawe wa miaka minne akisoma sentensi, na mwenye shule hawezi kumwambia mteja wake kwamba mtoto alishinda akichezea mchanga. Shule nyingine zimefunguliwa kwenye nyumba ya kuishi iliyoongezwa madarasa, uwanja wake ni ile njia ya magari kati ya ukuta na baraza. Serikali ilipiga marufuku bweni kwa watoto wa awali hadi darasa la nne mwaka 2023, jambo jema, ingawa mtoto anayetoka alfajiri na kurudi usiku analala nyumbani tu, mengine yote ni ya bweni.

Na sheria ipo. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, kifungu cha 8, inapotaja wajibu wa mzazi wa kumtunza mtoto inaorodhesha chakula, malazi, mavazi, matibabu, elimu, na pia haki ya kucheza na kupumzika. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1991, unasema hivyo katika ibara ya 31. Mwaka 2024 Umoja wa Mataifa uliongeza Siku ya Kimataifa ya Kucheza, tarehe 11 Juni. Kwangu hiyo ni dalili mbaya, maana watu hawakitengei siku maalumu kitu kilichojaa.

Lakini hatari iliyo karibu kuliko zote, ile isiyorudi nyuma, imo kwenye ardhi. Simu inaweza kuzimwa leo, ratiba ya shule inaweza kubadilishwa muhula ujao. Uwanja ukishajengwa ukuta umekwenda.

Fuatilia jinsi mtaa mpya unavyozaliwa pembezoni mwa mji wowote wetu. Shamba la mzee linagawanywa na warithi, linauzwa vipande vya futi hamsini kwa hamsini, kila mnunuzi anajenga hadi mpakani. Kwa miaka kadhaa vipande visivyojengwa ndivyo uwanja wa chandimu, na watu wazima wanadhani uwanja upo. Haupo. Una mwenyewe, hajapata tu fedha za tofali. Kisha unakuja urasimishaji wa makazi: wapimaji wanapita, ramani ya mipangomiji inachorwa juu ya nyumba zilizokwishasimama, wananchi wanachangia fedha ili wapate hati. Katika mkutano watu wanazozana kuhusu njia ya gari na nani akatwe ukuta. Eneo la watoto halina mtetezi, kwa sababu wenye haja nalo hawaruhusiwi kupiga kura na wako nje wanacheza. Ramani ikiidhinishwa na bikoni zikazikwa, mtaa wenye kaya mia nne umetangaza rasmi kwamba hauna watoto.

Hata maeneo ya wazi yaliyomo kwenye ramani za zamani yanaliwa. Kwanza linakuja banda la kuuza mbao, la muda tu. Halafu gereji. Halafu maegesho ya malipo usiku. Siku moja lina uzio na bango la kampuni, na anayeuliza anaambiwa matumizi yalishabadilishwa. Mwananchi anayo haki ya kwenda ofisi ya mipangomiji ya halmashauri na kuuliza kiwanja fulani kimepangiwa nini. Wachache huenda, na wengi wao huenda baada ya uzio.

Najua jibu la mzazi anayesoma hapa. Nje kuna bodaboda zisizo na breki, kuna wavuta bangi, kuna watu wabaya. Bora mtoto anenepe ndani. Hofu hiyo haichekeshi. Utafiti wa kitaifa kuhusu ukatili dhidi ya watoto, uliofanyika nchini mwaka 2009 na kutolewa mwaka 2011, ulionesha kwamba karibu wasichana watatu kati ya kumi, na mvulana mmoja kati ya saba, walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kufika miaka 18. Ni idadi ya kumtoa mtu usingizini. Ila utafiti huohuo ulionesha kwamba kwa wasichana, mahali palipotajwa zaidi ni nyumbani kwa mtu. Kufuli la geti, basi, halijibu swali hili lote. Mtoto aliye peke yake nyuma ya mlango na mjomba anayeaminika hana mashahidi. Aliye uwanjani na wenzake kumi na watano, huku mama ntilie na fundi baiskeli wanatazama, anao. Na yule mwenye simu chumbani amefunguliwa mlango mwingine ambao hauna jirani wa kuuliza, "Wewe ni nani?"

Kilichoufanya mtaa kuwa salama zamani ni macho. Bibi aliyekaa barazani alijua kila mtoto ni wa nani, na aliruhusiwa kumkemea. Leo jirani akimkemea mtoto wa mwenzake ugomvi unafika serikali ya mtaa, kwa hiyo anatazama pembeni. Utaratibu huo tumeuvunja wenyewe, watu wazima, na gharama tunawatoza watoto.

Kuna jambo moja lisilotakiwa kungoja hata wiki. Mashine za kamari zinazomeza sarafu za shilingi 200, zile zinazoitwa dubwi, zimeingia mitaani na kukaa kwenye vibanda na maduka ambako watoto hutumwa kununua sabuni na chumvi. Sheria inakataza mtu wa chini ya miaka 18 kucheza kamari. Mashine haiulizi umri. Ina taa, ina muziki, ina matunda yanayozunguka. Kwa mtoto huo ni mchezo kama mingine, na kwa aliyekosa uwanja ni mchezo pekee uliobaki mtaani. Chenji ya dukani inaanza kupungua shilingi 200, halafu 400. Mzazi anayeona chenji haitimii aende dukani mwenyewe kabla hajachukua fimbo, na akiikuta mashine pale watoto wanapopanga foleni ya sukari, amwendee mwenyekiti wa mtaa siku hiyo na taarifa ifike Bodi ya Michezo ya Kubahatisha. Mwenye duka ni jirani yetu, ndiyo, na anatukopesha unga. Aambiwe hivyohivyo.

Sasa yale ya kufanya kabla shule hazijafungwa.

Jumamosi moja, wazazi wachache na mjumbe wazunguke mtaa mzima kwa miguu. Desemba ni mwezi wa mvua katika mikoa mingi, na mashimo ya choo yaliyochimbwa yakaachwa, mashimo ya mchanga na misingi isiyojengwa yatakuwa yamejaa maji. Huko ndiko watoto huzama. Wenye mashimo wayafunike kwa mbao na mabati kwa gharama zao. Kazi hiyo peke yake inaondoa nusu ya sababu za kufunga geti, na inaonesha pia ni wapi pa kuchezea palipobaki.

Mtaa uchague njia moja isiyo kuu, na vijana wa bodaboda waombwe waikwepe kuanzia saa kumi hadi magharibi. Waombwe kwa heshima, kijiweni kwao, na mtu wanayemjua. Wengi wana watoto wadogo. Mawe mawili na gogo vinatosha. Watu wazima wawili wakae barazani kwa zamu, wafume, wamenye karanga, wacheze bao lao. Wasiamue ugomvi wa watoto hadi waone damu. Mtu mzima akiingia kuamua, watoto huacha kupatana na huanza kushtakiana.

Dada wa kazi asilaumiwe. Mara nyingi naye ni msichana ambaye juzi tu alikuwa anaruka kamba kwao, amekabidhiwa watoto watatu, jiko, nguo na sakafu, na simu ndiyo msaidizi pekee aliyepewa. Mwajiri anayetaka watoto wacheze nje apunguze kazi moja ya mchana, na amwambie wazi kwamba nguo za watoto zikirudi na udongo hatagombezwa. Udongo ndio unaowafungia ndani watoto wengi kuliko wezi.

Kwa mtoto aliyekwisha kuzoea kioo, siku za kwanza zitakuwa za vilio na kugaragara. Akishamaliza kulia atatangaza kwamba hana la kufanya. Msimtafutie. Kukosa la kufanya ndiko kulikozaa magari ya waya na mipira ya nailoni, na kunahitaji muda. Wekeni ndoo kuukuu, boksi, kamba, vifuniko vya soda, kisha ondokeni.

Walimu wakuu wanaopanga vipindi vya likizo kwa madarasa ya chini wawaache watoto hao. Kenya imeandika katika sheria yake ya elimu ya mwaka 2013 kwamba mwanafunzi asilazimishwe masomo ya likizo, na mzazi wa Kitanzania hahitaji kungoja sheria kama hiyo ili akatae kulipia. Na mtaa wowote ambao urasimishaji haujakamilika uitishe mkutano sasa, kabla ramani haijapelekwa kuidhinishwa, uweke swali moja mezani: eneo la watoto ni lipi, lina ukubwa gani, na limeandikwa wapi? Kama halipo, kaya zinunue kiwanja kimoja kwa kuchangishana, kama zilivyochangishana kwa ajili ya nguzo za umeme, kisha kisajiliwe kuwa eneo la watoto wa mtaa.

La mwisho linawahusu wasafiri. Desemba familia nyingi hurudi kwao: Moshi, Bukoba, Tanga, Songea, Njombe. Hii ndiyo njia ambayo madhara yatasambaa kwa kasi mwaka huu, na hakuna anayeizungumzia. Mtoto wa mjini akifika kihambani na tableti, watoto wote wa ukoo wanaacha mbuzi na mpira na kukaa chini kumzunguka, na kwa wiki mbili nzima hakuna anayekimbia. Anaporudi mjini anawaachia hamu, na baba zao wadogo wanaanza kuulizwa watanunua lini. Kwa hiyo kabla ya kwenda kupanda basi pale stendi ya Mbezi, Dar es Salaam, vifaa hivyo vitolewe kwenye begi. Bibi asilaghaiwe kwamba ni vya kusomea. Mtoto akifika akabidhiwe kwa binamu zake wamfundishe michezo ya huko. Siku mbili za kwanza watamcheka kwamba hajui kukimbia peku, na siku ya tatu watakuwa wanamlaumu kwa kutaja jina lisilo sahihi kwenye kombolela.